Aliyesukuma Kiti

Mwalimu Felisian aliulaza ubao kwenye nyasi, akaugonga mara mbili kwa kisigino, akarudi nyuma.

"Haya, mstari uko wazi."

Ubao huo ulikuwa kichekesho cha mashindano tangu asubuhi. Kila mpigaji wa Kizwite alianza nao: ncha za viatu kwenye ubao, kifundo cha mkono kwenye kijiti kilichosimikwa pembeni, ndipo avute upinde. Wapigaji wa Laela walisimama walivyopenda.

"Mzee Felisian," aliita Christopha, kocha wa Laela, "hao watoto wanapiga mishale au wanapimwa suruali?"

"Ubao mmoja, timu moja. Ukishindwa leo, njoo nikuchongee wako."

Felisian alikuwa fundi seremala. Pinde za Kizwite alizichonga mwenyewe, na kila Jumamosi kwa miaka miwili alifundisha hapo hapo, upepo wa Ufipa ukimpekua koti. Sasa timu moja tu ingekwenda Dodoma kwenye mashindano ya taifa. Masharti yalikuwa mepesi: wanafunzi wawili kwa kila timu, na mmoja wao awe mwenye ulemavu. Laela walikuwa na Abeli, kijana wa mkono mmoja aliyevuta kamba kwa meno, na mwenzake mrefu asiyesema neno. Kizwite walikuja na Basil, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, na Nadhira, aliyekisukuma.

Basil hakufunga mdomo hata kidogo. "Kulia. Kulia tena. Shimo hilo, dada! Unataka kunimwaga?"

"Ukimwagika utajizoa."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuja na karanga zake akatikisa kichwa kwa huruma. "Binti ana moyo huyu. Angalia anavyomhudumia mwenzake, na kelele zote hizo."

Christopha akawasogelea, funguo za Coaster zikilia kiunoni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Nadhira kabla hajafika.

"Marahaba." Christopha akanyoosha mkono. Nadhira hakuupokea, mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye vishikio vya kiti. Christopha akaurudisha mfukoni, akamgeukia Felisian. "Mpigaji wako ana maringo."

"Anayo," alisema Felisian. "Nilimfundisha mishale tu. Maringo alikuja nayo."

Mpaka saa sita mchana Laela walikuwa wamemaliza, wakiwa na pointi sitini na moja. Kizwite walikuwa na hamsini na mbili na mshale mmoja mkononi. Basil alikwisha kupiga yake. Mmoja ulikuwa umepotelea kwenye majani na alikuwa bado anausingizia upepo. Mshale wa mwisho ulikuwa wa Nadhira. Njano ya pembeni, pointi tisa, ingeleta sare. Kwenda Dodoma kulitaka njano ya katikati.

Felisian akaugonga ubao. Nadhira akasogea, akatuliza viatu, kifundo cha mkono kikapata kijiti. Basil, pale nyuma yake, alinyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hata mama wa karanga aliacha kutafuna.

Kamba ikalia.

"Njano!" alipiga kelele Basil. "Njano katikati!"

"Sema tena," alisema Nadhira.

"Njano katikati!"

"Mara ya tatu. Ninasikia raha."

Uwanja ukalipuka. Felisian alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Bi Rhoda, mwamuzi kutoka mjini, akatia filimbi mdomoni ili waende kuhesabu, maana pointi haiandikwi mpaka mwamuzi auguse mshale kwa mkono wake.

Hapo ndipo ng'ombe akaingia.

Alitokea upande wa mashamba, mwekundu, bila haraka. Shabaha zote zilikuwa marobota ya mabua ya mahindi yaliyobandikwa karatasi za rangi, na ng'ombe akachagua la Kizwite. Akainusa karatasi, akaichana pembeni, akaanza kutafuna. Mshale wa katikati ukaanza kutikisika.

"Anaila Dodoma yetu!" alipiga kelele Basil.

Akaruka kutoka kwenye kiti. Akakimbia mita thelathini kama mtu anayewahi basi la Tunduma, akamshika ng'ombe pembe, akamsukuma kwa bega, akasimama mbele ya robota mikono ameitanua. Mshale ulikuwa bado umekaa.

Kiti kilibaki mstarini, kitupu, gurudumu moja likizunguka polepole.

"Muujiza!" alisema mama wa karanga.

"Muujiza gani, ni wizi!" Christopha alikuwa amekwisha kufika kwa mwamuzi. "Bi Rhoda, umeona kwa macho yako. Mlemavu wao anakimbia kuliko mimi! Masharti yanasemaje?"

"Mzee Felisian," alisema Bi Rhoda kwa sauti nzito, "bila mwenye ulemavu, Kizwite hawana timu. Pointi zote zinafutwa."

Felisian akaivaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Ile fomu niliyokupa asubuhi, umeisoma?"

"Niliwaona watoto wenyewe. Ningeisoma ya nini?"

"Isome."

Bi Rhoda akafungua faili, akapitisha kidole kwenye karatasi. "Basil, kidato cha pili. Hana ulemavu." Kidole kikashuka mstari mmoja, kikasimama. Akainua uso taratibu kuelekea mstari wa kupigia.

Nadhira alikuwa bado amesimama kwenye ubao, upinde kwapani, mkono mmoja ukipapasa hewa kutafuta vishikio vya kiti.

"Basil!" aliita. "Rudi ukae bwana, nikaushike mshale wangu. Nani ataniambia mashimo yako wapi?"