Siku Tatu Angani

"Masaa tisa tu, mama," alisema karani wa vifurushi vya ndege. "Kilomita elfu saba na ushei. Ukipanda asubuhi, jioni umeshamkumbatia mwanao."

Mama aliiweka mezani saa ya mkononi ya marehemu mumewe. Bado ilikuwa inatembea. Mkanda wake wa ngozi ulikuwa umeingia weusi wa jasho.

"Tisa? Mwanangu ana miaka minane huko ng'ambo, na kila siku huniambia ni siku tatu angani."

Karani akacheka. "Labda huja kwa punda!"

Mwezi uliopita, mumewe, fundi saa, alipoanguka, mama alimpigia mwanawe simu alfajiri ile ile.

"Siku tatu, mama, sitamkuta," alijibu. "Nyinyi mzikeni tu. Ila ile saa yake mnitumie."

Mgonjwa alikuwa bado anapumua. Akauliza kijana yuko wapi, naye mama akamwambia safari ni siku tatu.

"Siku tatu sina," mzee alisema. "Lakini nitajikaza."

Akaivua saa, akaishika kiganjani, macho mlangoni. Alijikaza hadi jua lilipozama. Kumfumba macho ilikuwa kazi.

"Kuna ujumbe wa kuweka ndani?" karani aliuliza, boksi mkononi.

Mama aliomba kalamu. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa, kama anayemwandikia mtoto wa darasa la kwanza:

BABA YAKO ALIKUNGOJA MASAA KUMI NA TATU.