Arobaini ya Mama

Kiwandani kwetu mpiga pasi akifa, pasi yake huendelea yenyewe kunyoosha nguo vilevile alivyonyoosha yeye, na mshahara huja nyumbani mpaka arobaini yake isomwe. Ya mama tumeiahirisha tena.

"Dada, tukisoma mwezi huu, kodi atalipa nani?" aliuliza mdogo wangu Shomari. "Unga wenyewe umepanda. Mama angesema tungoje."

"Mama angesema amechoka."

"Haya, soma wewe. Tutakula ubani."

Meza yangu iko jirani na ya mama. Pasi yake huanza na kola, kama yeye. Alipokuwa hai, akichoka aliigonga mezani mara mbili, nami nikamletea maji.

Leo imegonga. Nilishafika na kikombe ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kunywa. Msimamizi alikuwa akinitazama, basi nikayanyunyiza maji juu ya shati. Mvuke ukapanda, pasi ikaendelea.

Jioni Shomari akaniuliza, "Mama kaingia kazini?"

"Kaingia," nikasema, nikasonga ugali.