Prosesa Isiyokuwepo

Kompyuta pepe, ile inayoigizwa na programu ndani ya seva, ilizimika tena, na safari hii Raghunandan aliona sababu. Mfumo ulipouliza unaendeshwa na prosesa gani, mstari mmoja wa programu uliudanganya, ukaitaja prosesa ambayo seva haikuwa nayo.

Mstari huo aliuandika yeye, ili jaribio lake lipite, kisha akasahau kuufuta.

Asubuhi hiyo, kabla hajaijua sababu, mbele ya timu nzima, alikuwa amemtwika kosa binti mmoja mgeni kazini. "Dada, wewe kapike biriani tu!" Wakacheka. Mchana binti akafukuzwa.

Sasa binti alikuwa amesimama mbele yake, mkoba begani. "Bosi, kadi ya mlango nimkabidhi nani?"

Chai ya Raghunandan ilikuwa imefanya utando.

"Jamani, njooni wote," aliita, akaigeuza skrini wauone mstari alioundika yeye mwenyewe.