Kaseti ya Kumi na Moja

Sauti ya mwanamke ilikuwa ikiimba nyuma ya pazia. Ikapanda, ikakwama, ikakohoa, ikaanza upya.

"Mama, usikohoe," Wilfried alisema.

"Mi nakohoa tangu we haujazaliwa."

Pulchérie, mama yake, alikuwa kwenye mkeka akichambua ndagala, vidagaa vya ziwani, simu ya mwanawe ikinasa sauti mbele ya magoti yake. "Hii wimbo nilikuwaka nakuimbia ukiwa mudogo. Leo uko na ndevu, unataka nikubembeleze tena?"

"Ni ya parokia."

"Ya parokia! Ungeniambia mapema, ningevaa kitenge cha Pasaka."

Alicheka peke yake, kisha akaimba tena mpaka mwisho. Wilfried alizima simu bila kumtazama usoni.

Kaseti kumi na mbili zilifika mjini Baraka mwezi wa pili, zimepangwa ndani ya kopo la biskuti. Zilitoka Irlandi, kwa masista waliowahi kufanya kazi Fizi. Nyumba yao kule ilikuwa inafungwa. Waliobaki walikuwa wachache na wazee, na sista aliyetunza kumbukumbu zao alikuwa akirudisha kila kitu kilikotoka. Barua yake ilikuwa fupi: Sista Nora alinasa sauti hizi kwenu, hakuna nakala nyingine, ni zenu.

Wilfried ndiye aliyetunza kumbukumbu za parokia, na alijivunia kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alisikiliza zote, akazinakili zenye nyimbo kwenye kompyuta. Nyimbo za mavuno, za arusi, za matanga. Ya kumi na moja tu haikuwa na kitu. Kishindo kidogo, kidogo, kama mtu anakung'uta nguo mbali, na kitu kama upepo dirishani. Nusu saa nzima. Sista alisahau mashine ikiwaka, alijiambia, na hiyo hakuinakili.

Ganda la kaseti ya nne lilikuwa limepasuka. Akafungua skrubu za ya kumi na moja, akautoa utepe wake, akahamishia humo utepe wa ya nne. Ule uliobaki alimpa jirani yake Norbert, auzungushe kwenye shamba la mpunga kufukuza ndege.

Mwezi mmoja baadaye likafika daftari la Sista Nora lenye majina ya walionaswa sauti, lililochelewa njiani. Padri Anatole alikuwa anakwenda Lubondja, kijiji zilikonaswa sauti hizo, akalibeba, akasoma majina yote kwenye misa. Namba kumi na moja: *Émilienne na mtoto wake Solange, wa siku tatu.*

Émilienne alikufa mtoto akiwa na wiki moja tu. Hakuacha picha. Nyumba ya familia iliungua wakati wa vita, na kila kilichokuwa ndani yake. Solange, ambaye sasa alikuwa na miaka hamsini na kidogo, alituma ujumbe: nakuya Alhamisi, kusikia mama yangu.

Wilfried alikimbia mpaka shamba la Norbert. Utepe ulikuwa vipande vipande, umekwanguliwa na mvua, umejaa matope. Ndege walikuwa wameshauzoea.

Angeweza kusema ukweli. Aliujaribu mara mbili mbele ya kioo, na mara mbili uso wake mwenyewe ulimshinda. Ndipo akapata njia ya kujitetea: bila shaka Émilienne aliimba kama wenzake, na mashine ikamkosa. Wimbo wa kulaza mtoto ni ule ule, Lubondja ama Baraka. Uongo wake ungekuwa mdogo. Jioni hiyo akaweka simu mbele ya mama yake, akamwomba aimbe.

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Solange alishuka kwenye pikipiki. Alivaa kitenge kipya. Alivua viatu mlangoni, kama anaingia kanisani.

"We njo Wilfried?"

"Njo mimi, mama. Karibu."

"Shika. Karanga za shamba yangu. Ni za muntu mwenye alinichungia mama."

Wilfried alipokea mfuko. Ulikuwa mzito. Akauweka sakafuni, kisha akaona si mahali pake, akauweka mezani.

Solange alisogeza sikio mpaka likagusa spika, akafumba macho. Wimbo ukaanza. Ukaisha.

"Nyuma ya wimbo kuna nini?"

"Imeisha, mama."

"Rudisha."

Alirudisha. Mara ya tatu Solange alishika spika kwa viganja viwili, uso umekunjamana, kama anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya maji. Machozi yakamtoka. Wilfried alizitazama zile karanga. Alikuwa amefikiri kwamba akiaminiwa atapumua. Akausogeza mfuko mbali naye.

Solange alijifuta kwa pindo la kitenge, akamgeukia kwa upole.

"Huyu mama anaimba muzuri. Mutoto yake ako na bahati. Lakini umechanganya kaseti, papa. Mama yangu alizaliwa bubu."

Wilfried akanyoosha mkono, akazima spika.

"Shangazi yangu alikuwa pale, njo aliniambia. Bamama wote walicheka: bubu ataimbia Sista nini? Sista akasogeza mashini kwa mugongo yangu. Akanasa sauti ya mukono ya mama vile ilikuwa inanipiga-piga nilale, na pumuzi yake. Njo ile nilikuya kusikia. Haina wimbo." Alimtazama. "Iko hapa, siyo?"

"Iko, mama," Wilfried akasema. "Nitaitafuta. Nakuapia, nitakuletea mi mwenyewe, mpaka Lubondja."