Viatu vya Kifaranga

Nilivikuta ndani ya sufuria ya plastiki, kwenye jiko la kuchezea. Viatu viwili vyekundu, vimefunikwa vizuri kwa mfuniko.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho ya mazoezi ya ualimu katika chekechea ile. Mezani fomu yangu ilikuwa inasubiri: nikihitimu, nataka kazi ya darasani au ya kutembelea familia? Nilishaweka alama kwenye darasani. Kuimba, kufuta makamasi, kwenda nyumbani. Ya watu nyumbani kwao yananihusu nini?

“Mwalimu, umeviona?” aliuliza mlangoni mjomba aliyekuja kumchukua mtoto tuliyezoea kumwita Kifaranga, huku akicheka. “Huyu Kifaranga atanizeesha!”

Wiki tatu nzima hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Kifaranga anaficha viatu, mimi navipata: chini ya godoro, nyuma ya ndoo, hata ndani ya mkoba wangu. Mwalimu mkuu alinipigia makofi. “Una jicho la mwewe, binti yangu.”

Ijumaa huja bibi yake kumchukua. Ijumaa Kifaranga huwa ameshavaa viatu tangu saa sita, amekaa kizingitini anasubiri.

Siku nyingine zote ni mjomba.

Mara kumi na moja nilikuwa nimemvalisha kwa mikono yangu, nikamkabidhi.

Nilimtazama Kifaranga. Hakulia. Alikuwa amekunja vidole vya miguu, kana kwamba na miguu nayo angeificha.

Nikarudisha mfuniko.

“Sijaviona,” nilisema. Kisha nikamgeukia mwalimu mkuu. “Mama, naomba ufunguo wa ofisi, niingie na Kifaranga. Na simu, nimpigie bibi yake.”

Mjomba aliacha kucheka.