Mtu wa Mbele

Rosaire aliikosa ngazi ya mwisho ya kibarazani kwa Lucien, akagonga goti, akasukuma mlango bila hodi. Habari alizipata kwa kinyozi, mbele za watu: mwaka huu Lucien anaushuka mto Missinaibi na mkwe wake, Yvan. Muuza matairi! Kijana aliyeuona mto ule kwenye kalenda tu.

Lucien alikuwa jikoni akipanga safari, kama walivyoipanga wao wawili kila barafu ilipoanza kuyeyuka, tangu ujana wao. Maharage, unga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Mkewe, Huguette, akamkaribisha rafiki huyo wa mumewe kwa upole uliozidi kipimo, akamvutia kiti. Upole huo ndio uliomchoma zaidi. Akakataa kukaa.

"Umenigeuka, Lucien," alisema. "Tena nimeyasikia kwa watu."

Lucien akajibu kwamba hakujua aanzie wapi.

Hakujua aanzie wapi! Mtu aliyelala naye hema moja miaka yote, kwenye mto ambamo babu zao walipitisha mitumbwi iliyosheheni ngozi za wanyama. Wa nyuma huongoza mtumbwi. Wa mbele ndiye anayesoma maji: huuona mwamba, hupaza sauti kulia au kushoto, na wa nyuma hutii bila kuuliza. Mbele palikuwa pa Rosaire siku zote. Kiangazi kilichopita waligonga mwamba kwenye maji ya kasi, wakapinduka, Lucien akavunjika bega, na mji mzima ukajua kuwa Lucien amezeeka, alichelewa kugeuza. Rosaire ndiye aliyewasimulia, tena kwa huruma. Lucien mwenyewe hakubisha. Na pamoja na hayo yote Rosaire alikuwa tayari kupanda naye tena mtumbwi. Shukrani yenyewe ndiyo hii.

"Huyo Yvan wako atakuambia kulia na mwamba uko kulia," alisema. "Mtakufa nyote wawili."

Lucien aliuweka unga kando. Kisha akamuuliza, taratibu, iwapo bado anaukumbuka mto wote.

Rosaire akacheka kwa uchungu. Aukumbuke? Akaiinamia ramani mezani, buluu kwa kijani, akaanza kuushuka mto kwa kidole. Hapa unabana ukingo wa kushoto. Hapa unateremka na kujitwisha mtumbwi, maana mbele kuna maporomoko yaliyomeza watu. Hapa pana jiwe linalojificha maji yakijaa. Na hapa, chini ya misonobari, walinyeshewa usiku kucha wakiwa vijana, wakaapa kwamba hakuna atakayeushuka mto huu bila mwenzake. Hakukosea hata jina moja. Machozi yakamlengalenga, wala hakuona haya.

"Sasa niambie," alisema, kidole bado kipo mezani. "Huyo muuza matairi ana nini ambacho mimi sina?"

Huguette alikuwa ameshageukia dirishani, analia. Lucien akakifunika kile kidole kwa kiganja chake.

"Hiki ni kitambaa cha meza, ndugu yangu," alisema. "Ramani bado sijaifungua."