Aliyemwambia Akiri

"Sikutaji mahakamani, mama. Watu waje wakucheke?" Shaibu aliisukuma fomu ya rufaa ikarudi upande wa pili wa nondo.

"Kwa hiyo utakaa miaka ishirini kwa kunionea haya? Huna akili wewe."

"Siku ile nilitumia zako."

Ni Mwanahawa aliyemshika mwanawe mkono nje ya mahakama, akamwambia aikubali bangi ambayo haikuwa yake, kwa kuwa anayekiri huhurumiwa. Shaibu alikiri. Hakimu hakumhurumia. Sasa wakili anasema aliyekiri amebakiwa na mlango mmoja tu: aeleze kwamba alishinikizwa, na amtaje aliyemshinikiza. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kukata rufaa.

"Mama, muda umekwisha," askari magereza alisema.

Mwanahawa aliiweka fomu juu ya goti. Penye nafasi ya jina la aliyemshinikiza aliandika majina yake yote matatu, hadi la babu yake, kisha akairudisha kati ya nondo.

Shaibu alijaribu kulifuta kwa kidole gumba. Jina halikufutika, ila kidole kilitoka cheusi.